Kijana wa Bustani Tu

Siku Sixbert Mughwai alipofika kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Theodora, hakusema neno hata moja kuhusu nyumba. Wageni wote waliomtangulia walianza na nyumba: madirisha ya alumini, vigae vya barazani, bati jekundu linaloonekana tangu barabara kuu. Theodora Kitundu, nesi wa wodi ya wazazi, alikuwa ameijenga kwa miaka tisa bila mume wa kumshikia hata ngazi, na masikio yake yalishazoea sifa. Lakini mwanaume huyu mrefu, mwenye kofia ya ukindu na mikono iliyopasuka kwa udongo, aliipita nyumba kama vile haioni. Alizunguka uani, akachuchumaa, akachota mchanga na kuuacha umwagike katikati ya vidole vyake.

"Hapa hapajawahi kuota kitu," alisema.

"Hapajawahi."

"Umekaa hapa muda gani, Sista?"

"Huu ni mwaka wa pili."

Akainua uso, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mwaka wa pili, na hujapanda hata mche wa pilipili?"

Theodora akacheka, kicheko cha kujikinga. "Nipande nimpikie nani?"

Sixbert hakucheka. "Ujipikie wewe," alisema.

Ilikuwa Novemba, wiki mbili kabla ya mvua. Uwanja wa Theodora kule Mandewa ulikuwa mchanga mtupu uliozungukwa na majabali, na upepo wa Singida ulipita hapo kama njiani kwake. Sixbert alileta samadi kwa toroli safari kumi na nne. Mbele ya nyumba alipanda ukoka, shina moja moja, kwa mistari. Kando ya ukuta akapanda bogenvila mbili na mlimao. Nyuma alichimba matuta ya mboga, ila hakuyainua juu kama Theodora alivyoyaona kwa watu wengine. Aliyazamisha chini kama mabeseni.

"Nchi yetu mvua yake ni moja," alimweleza. "Tuta likiinuka, maji yanakimbia. Likizama, maji yanakaa, yanazungumza na mmea."

Alikuja Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine alitunza bustani za watu wengine mjini, na jioni alirudi kwao Issuna alikokuwa akiishi na mama yake. Polepole, bila kuulizwa sana, alimsimulia maisha yake. Alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika bustani za hoteli huko Arusha. Mama yake alipopofuka, akarudi.

"Na mke?" Theodora aliuliza siku moja, akijifanya anatafuta kitu kwenye kabati la jikoni, mgongo ukiwa dirishani.

"Hatukuwa tumefunga ndoa. Alisema Issuna hakuna kitu. Nikamwambia kuna mama." Akapiga jembe mara mbili. "Akabaki Arusha."

Mvua zilipochanganya, ule mchanga ukawa kitu kingine. Mchicha uliota kwanza, halafu chainizi, halafu matembele yakatambaa hadi kwenye ngazi ya jikoni. Theodora alianza kubadilishana zamu na wenzake ili Jumanne na Ijumaa awe nyumbani. Wodini walimtania kwamba amepata shamba. Yeye alicheka na kuinamia mafaili yake. Ukweli ni kwamba alikuwa amefikisha miaka thelathini na nane bila mtu wa kumuuliza amelalaje, na sasa alikuwepo mmoja aliyemuuliza mara mbili kwa wiki, akasubiri jibu.

Ijumaa moja ya Machi mvua iliwakimbiza wote wawili barazani. Walisimama bega kwa bega wakitazama matuta yakijaa maji. Sixbert alivua kofia, akakung'uta matone, na alipogeuka macho yao yakakutana karibu kuliko walivyozoea.

"Theodora," alisema. Si Sista. Theodora.

"Nakusikia."

"Mimi sina nyumba ya vigae."

"Sijakuuliza nyumba."

"Watakuuliza."

"Akina nani?"

"Ndugu zako."

Theodora alichukua ile kofia mikononi mwake, akaitundika kwenye msumari wa mlango, upande wa ndani. Tangu siku hiyo, Jumanne na Ijumaa, meza ya Theodora iliandaliwa sahani mbili.

*

Kaka yake alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa tano bila taarifa.

Bonaventura Kitundu hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Wazazi wao walipofariki, Theodora alikuwa darasa la sita na kaka yake alikuwa chuo cha ualimu. Aliacha chuo, akarudi Kinampanda kushika jembe, ili mdogo wake asiache shule. Kila siku Theodora alipovaa sare yake nyeupe alijua iliyomvika ni mikono ya nani. Hakuwahi kumbishia kaka yake katika maisha yake, hata kwa jambo dogo.

Siku hiyo meza ilikuwa tayari: ugali wa mtama, mlenda uliochumwa asubuhi ile ile, kuku wa kienyeji. Sixbert alikuwa amenawa, ndiyo kwanza anavuta kiti. Honi ikalia getini, kisha sauti ambayo Theodora angeitambua hata usingizini.

"Hodi hapa kwa nesi! Nimeleta alizeti kukamua, nikasema siwezi kupita bila kumwona mdogo wangu!"

Mwili wa Theodora ulitenda kabla ya akili yake. Alikata ugali, akaweka kwenye sahani, akamwagia mlenda pembeni, akamkabidhi Sixbert.

"Tafadhali," alinong'ona. "Pitia mlango wa jikoni. Nitakueleza baadaye."

Sixbert aliipokea sahani kwa mikono miwili. Alimtazama. Theodora angeitazama tena sura ile kwa miezi mitatu, kila akifumba macho. Hakukuwa na hasira ndani yake, alionekana tu kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Nikakae wapi?" aliuliza.

"Pale nyuma, kwenye tanki la maji."

Akatoka.

Bonaventura aliingia na harufu ya magunia na vumbi la safari. Alikaa kwenye kile kile kiti kilichovutwa, akanawa, akala kwa raha.

"Mlenda huu mtamu, Theo. Umeutoa wapi?"

"Hapo nyuma, kaka. Nina bustani siku hizi."

"Nimeiona, maua mpaka getini! Nani kakufanyia?" Kisha macho yake yakatua kwenye msumari wa mlango. "Na kofia hii ya nani?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Theodora alilijua hilo, na hata hivyo akasema:

"Ya kijana wa bustani."

"Anaingia mpaka humu ndani?"

"Aliingia kuomba maji. Ni kijana wa bustani tu, kaka."

Bonaventura akatikisa kichwa, akaendelea kula. Ndipo akatoa lililomleta. Mwalimu Nathanaeli wa pale Kinampanda, yule aliyefiwa na mke, mtu mtulivu, ana nyumba, ana ng'ombe, watoto wameshaolewa. Ameuliza habari zake. "Mimi nazeeka, Theo. Nikifa leo, nikuache na nani katika nyumba kubwa hivi?"

"Nimekusikia, kaka," alisema Theodora. Ndivyo alivyomjibu maisha yake yote.

Kabla ya kuondoka, Bonaventura alitaka kuiona bustani. Sixbert alikuwa ameketi juu ya tofali kando ya tanki, sahani magotini. Akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Kazi yako nzuri." Bonaventura alimpiga begani kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko dharau. "Mtunzie dada yangu mahali hapa. Karibuni patakuwa na mwenyewe."

"Sawa, mzee."

Gari lilipoishia barabarani, Theodora alirudi nyuma mbio. Sahani ilikuwa imeoshwa na kufunikwa juu ya jiwe. Jembe na reki vilikuwa vimefutwa udongo, vimeegeshwa ukutani kwa mpangilio, kama vitu vya mtu anayehama.

"Sixbert, nisikilize."

"Sista, haya matembele usiyachume yote kwa mpigo. Acha ncha."

"Usiniite Sista."

"Nikuite nani?" Alisema bila kupandisha sauti. "Mle ndani nilikuwa na jina. Nilipotoka na sahani sikutoka nalo."

"Ni kaka yangu. Alinilea. Hujui alichoacha kwa ajili yangu."

"Najua. Umeniambia. Ndiyo maana nilidhani siku akija utamwambia na mimi ni nani." Alitazama matuta. "Kiangazi kinaingia. Mwagilia jioni jua likipoa, tandaza majani makavu kwenye matuta ili unyevu usipotee. Nitamwambia mwenzangu Fredrick awe anapita. Anaijua kazi."

"Na wewe?"

"Naomba kofia yangu."

Theodora aliingia ndani kuichukua. Aliporudi, Sixbert alikuwa amesimama nje ya kizingiti, na hakukivuka. Aliipokea kwa mkono ulionyooshwa, akashukuru kama mtu anavyomshukuru mwenye duka, akaondoka.

*

Kiangazi hicho bustani ilimwadhibu Theodora kwa kuzaa.

Mboga za mtaa mzima zilikauka, zake hazikukauka. Yale matuta yaliyozama yalishika maji mpaka Julai. Chainizi ilikua na majani mapana kama ungo, nyanya zikaiva kumi kumi, papai la kwanza likageuka njano. Alichuma, akapika, akala vijiko vitatu, akabaki anakitazama chungu. Alifunga mafungu akawapelekea majirani.

"Nesi, unapanda kama mtu mwenye watoto saba," Klara wa nyumba ya pili alimwambia akicheka. Alikuwa jirani mwema, hakujua alichosema. Theodora alirudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa jikoni mpaka giza likaingia.

Alijifunza kwamba upweke wake wa zamani ulikuwa mwepesi, maana hakuwa na kitu cha kuulinganisha nao. Huu mpya ulikuwa na saa zake. Jumanne saa tatu asubuhi, wakati ambao geti lingelia. Ijumaa saa saba mchana, wakati wa kunawa mikono. Fredrick alipita, akakata ukoka, akaenda zake. Upepo wa Julai ulivuma usiku na mchana, ukapiga bati, na mara kadhaa Theodora aliinuka kwenda getini, akakuta ni bati tu.

Mara moja alipata ujasiri wa kupiga simu.

"Habari za kazi, Sista?" Sauti ya Sixbert ilikuwa na adabu zote.

"Nzuri. Za Issuna?"

"Salama. Fredrick anafika?"

"Anafika."

"Basi vizuri."

Wakabaki wote wanasikiliza upepo, wa Mandewa na wa Issuna, mpaka simu ikakatika.

Mwishoni mwa Agosti kaka yake alimpigia. Mwalimu Nathanaeli angefika nyumbani kwa Bonaventura pamoja na wazee wake, Jumamosi ya kwanza ya Septemba. "Nimewakubalia wafike, kwa sababu sijakusikia ukikataa."

Theodora alifungua kinywa. "Sawa, kaka," kinywa kikasema.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, hakurudi nyumbani. Alikwenda stendi na gauni lake la kanisani, akapanda gari la kwenda Issuna.

*

Hakupata taabu kuelekezwa. Kwa Mughwai ni pale chini ya majabali, aliambiwa, utaona miche. Na kweli ua mzima ulijaa miche ndani ya viriba, imepangwa kwa safu chini ya kichanja cha nyasi. Katikati alikaa mama mmoja mwembamba kwenye kigoda, akipukuchua kunde kwa vidole bila kuzitazama. Macho yake yalikuwa meupe.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hivyo viatu si vya hapa kwetu, navisikia. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Theodora. Natoka mjini."

Vidole vikasimama. "Ndiye nesi?"

"Ndiyo, mama." Theodora alisogea karibu. "Amekuambia habari zangu?"

"Siku hizi, hata kidogo. Wateja wake wengine wote nawajua. Daktari mwenye mbwa mkali, yule mama wa benki asiyetaka majani yadondoke. Wewe alikutaja mvua nzima: nesi kasema hivi, nesi kacheka vile. Halafu mwezi wa tano akakunyamazia mpaka leo." Akaendelea kupukuchua. "Mimi sioni, lakini siyo kwamba sielewi. Kaa. Amekwenda kisimani."

Sixbert alirudi akisukuma baiskeli yenye madumu manne. Alipomwona, hakusimama wala hakuharakisha. Aliegesha baiskeli, akashusha madumu moja moja, akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa amekonda.

"Karibu, Sista. Kuna tatizo bustanini?"

"Bustani haina neno. Mimi ndiye mwenye tatizo." Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima na sasa yote yalimkimbia. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikukana. Nilikutoa mezani kwangu nikakuweka nje, na chakula ulikilima wewe."

Mama yake Sixbert alizidi kuinamia kunde zake, kama mtu asiyekuwepo.

"Kuitwa kijana wa bustani hakukuniumiza," Sixbert alisema. "Ndiyo kazi yangu, siionei haya. Kilichoniumiza ni lile neno la mwisho. Tu." Akalitamka kwa sauti ndogo. "Miezi sita nilikuwa nakuja kwako na moyo wangu wote, kumbe mimi ni tu."

"Sivyo. Niliogopa."

"Najua uliogopa. Sasa huogopi?"

"Naogopa. Jumamosi ijayo wanakuja kunichumbia."

Uso wake ulibadilika, akageukia miche kuuficha. "Mwalimu?"

"Mwalimu."

"Na kaka yako anajua uko wapi leo?"

Theodora alitazama viatu vyake.

"Basi umekuja kuniambia siri, Theodora," alisema. Hakuwa amelitaja jina hilo kwa miezi mitatu, na alilitaja kwa uchungu. "Na mimi siri nimeichoka. Nenda nyumbani. Gari la mwisho hupita saa kumi."

Ilikuwa saa nane na nusu. Theodora aliinuka, akachukua mkoba, akapiga hatua mpaka kwenye lango la miiba. Hapo akatoa simu. Haikuwa na mtandao.

"Mama," aligeuka, "hapa simu inashika wapi?"

Yule mama akaelekeza kwa kidevu, bila kukosea hata kidogo. "Juu ya jabali. Vua viatu."

Akavua. Alipanda lile jabali kwa miguu mitupu na gauni la kanisani, akishika kwa mikono, upepo ukimvuta huku na huku. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha kuteka. Juu kabisa simu ikapata mistari miwili, akapiga.

"Shikamoo, kaka!"

"Marahaba! Mbona upepo hivyo? Uko wapi?"

"Issuna!"

"Wapi?"

"Issuna!" Alilazimika kupiga kelele, na majabali yakamrudishia. "Kaka, Mwalimu Nathanaeli asije! Nilipaswa kukuambia mapema, nisamehe! Yule mtu uliyemkuta kwangu, mwenye kofia, nilikudanganya! Siyo kijana wa bustani tu! Ni mtu wangu! Ndiye ninayempenda!"

Chini kisimani mtu akasema "Mama yangu weee," na mwingine akamwambia anyamaze.

"Yule aliyekuwa kwenye tanki," Bonaventura alisema hatimaye, polepole.

"Ndiyo, kaka."

"Kile kiti nilichokalia mimi. Kilikuwa chake?"

"Ndiyo."

Theodora alibana simu sikioni.

"Mimi ndiye niliyekulea hivyo, Theo?" kaka yake aliuliza. Na simu ikakatika. Kama ilikuwa mtandao au ni yeye, Theodora hakujua. Alipiga tena mara tatu. Haikupokewa.

Alishuka polepole. Sixbert alikuwa amesimama chini ya jabali, mikono imeinuliwa nusu, kama mtu aliyekuwa tayari kumdaka na hakutaka aonekane. Alimletea kigoda na kikombe cha maji. Hakumkumbatia. Kisima kizima kilikuwa kinatazama, na mama alikuwepo, na zaidi ya hayo, hakuwa tayari.

"Nadhani nimempoteza kaka yangu," Theodora alisema, na machozi aliyoyazuia miezi mitatu yakamtoka.

Sixbert alichuchumaa mbele yake, kwa umbali wa heshima.

"Bado naumwa," alisema. "Sitakudanganya kwamba nimepona kwa sababu umepanda jiwe."

"Sikuombi upone leo."

"Unaniomba nini?"

"Uje tu." Akashtuka kwa lile neno, akalisahihisha. "Uje."

Kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita usoni mwake, kikapotea. "Kwako siji kwanza. Nitakwenda Kinampanda kwa kaka yako, Jumamosi hiyo hiyo, mchana, na mjomba wangu. Nitasema jina langu na la baba yangu."

"Atakukatalia, Sixbert. Hata simu yangu hapokei."

"Akinikatalia, atakuwa amenikatalia mimi. Hilo naliweza."

Alimsindikiza mpaka barabarani. Walisimama wakisubiri bila kushikana, vivuli vyao virefu juu ya vumbi, na gari lilipofika alimfungulia mlango, akasema "Safari njema," akabaki pale. Theodora alimtazama kupitia kioo cha nyuma mpaka barabara ikakata kona.

*

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko kiangazi chote. Bonaventura hakupokea simu. Alikuwa kaka yake, baba yake na mama yake, na hakupokea. Sixbert naye hakupiga. Theodora alienda kazini, akapokea watoto wa watu, akawakabidhi kwa mama zao, akarudi kwenye nyumba ambayo kila chumba kilikuwa na mwangwi.

Jumamosi hakupangiwa zamu. Alitamani angepangiwa. Kwa desturi hakutakiwa kuwepo Kinampanda, basi alibaki na mikono yake. Asubuhi alimwagilia. Saa nne alipalilia mahali pasipo na magugu. Saa sita alipika chai, akaisahau ikapoa. Alijaribu kuwawazia: sebule ya kaka yake, kalenda ya parokia ukutani, Sixbert kwenye kochi lile linalozama. Kisha akaogopa kuendelea kuwaza. Saa tisa aliweka simu juu ya meza, akaketi mbele yake kama anayelinda mgonjwa.

Iliita saa kumi na moja jioni.

"Theo."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Alisikia kuku kwa mbali, na mtu akiburuta kiti. Bonaventura alikuwa akipumua kama aliyetoka shambani.

"Mwalimu nilimzuia asije. Mtu wako amekuja. Na mjomba wake, mzee mmoja wa kukohoa."

"Ndiyo, kaka."

"Nimemkataa."

Theodora alishika ukingo wa meza. Alikuwa amelitarajia neno hilo wiki nzima, na hata hivyo halikumkuta tayari.

"Nimemwambia sina dada wa kumpa mtu niliyeletewa habari zake kwa kelele za simu. Nimemwambia na wewe nimekukasirikia, na kweli nimekukasirikia, Theo, usidhani yamekwisha."

"Akasemaje?" alinong'ona.

"Hakubisha. Alinishukuru kwa kumsikiliza, akasema, basi mzee, nitarudi Jumamosi ijayo. Nikamwambia Jumamosi ijayo jibu langu ni hili hili. Akasema anaelewa, na ile itakayofuata atakuja pia." Bonaventura akaguna. "Mtu gani huyo, Theo? Anakataliwa kama vile anapewa ratiba."

Theodora alikuwa amekaa chini sakafuni bila kujua amefikaje pale, mgongo ukutani, simu imeshikiliwa kwa mikono miwili. Nyumba ilikuwa kimya vile vile. Jioni hii pia angekula peke yake, na kesho, na Jumanne, na Ijumaa.

Kaka yake alikohoa, kama mtu mwenye neno asilotaka kulisema mwenyewe.

"Wifi yako anauliza," alisema, "hiyo Jumamosi apike nini."